Uchambuzi wa kisa: Mvinyo wa nyumbani uliokwama kwenye 1.018

Usuli

Kisa hiki kinawahusu mume na mke Watanzania waishio katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, ambao mwezi Januari waliamua kutengeneza mvinyo mwekundu nyumbani kwa kutumia seti ya wanaoanza, wakikusudia kuwanywesha wageni wao katika sherehe ya kutimiza miaka 20 ya ndoa iliyopangwa kufanyika wiki 9 baadaye. Majina yao, mji wao na kampuni iliyotengeneza seti nimeviondoa, na tarehe nimezigeuza kuwa hesabu ya siku tangu siku ya kwanza. Mimi niliitwa siku ya 30, mvinyo ulipokuwa umekwama, yaani umeacha kuchacha kabla ya wakati, nikiwa rafiki wa familia ambaye nimetengeneza mvinyo kwa miaka kadhaa. Yaliyotangulia nimeyapata katika daftari ambalo mume, nitakayemwita mhusika, aliliandika kila alipofungua ndoo, na katika masimulizi yake na ya mkewe. Sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kutengeneza mvinyo kwa matumizi ya nyumbani ilimradi asiuuze; kisichoruhusiwa bila leseni ni kukeneka pombe kali.

Mhusika hakuwa mgeni wa vileo vya nyumbani. Alikulia kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika nyumba iliyopika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na tangu utotoni alijua kutambua kwa harufu, kwa povu na kwa kuonja kama mbege imefika. Ujuzi huo ni wa kweli na unastahili heshima. Hata hivyo mbege hunywewa ingali hai, ikiendelea kuchacha ndani ya kata, ilhali mvinyo hufungiwa katika chupa ya kioo na kukaa humo kwa miezi au miaka, hivyo kinachobaki ndani yake bila kuchacha ni jambo zito. Tofauti hiyo haikuonekana kuwa na uzito siku ya kwanza.

Seti yenyewe ilikuwa ya kawaida: mfuko wa takriban lita 6 za maji ya zabibu yaliyokolezwa, pakiti ya bentonaiti (udongo laini wa kusafisha mvinyo), pakiti ya gramu 5 za hamira ya mvinyo, vipande vya mti wa mwaloni, pakiti za potasiamu metabisalfaiti na potasiamu sobeti za kuutuliza mvinyo, yaani kuuzuia usichache tena, na dawa ya kuung'arisha. Maelekezo yalitaka mfuko umiminwe katika ndoo, uongezwe maji hadi lita 23, ukorogwe kwa nguvu, kisha upimwe kwa haidromita, yaani kile kipimo cha kioo kinachoelea: katika maji matupu husoma 1.000, sukari hupandisha nambari hiyo, na kadiri sukari inavyogeuka kilevi nambari hushuka, hata chini ya 1.000. Usomaji uliotarajiwa ulikuwa kati ya 1.085 na 1.095, joto kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi, na mavuno chupa 30 baada ya wiki 4 hadi 6.

Siku ya kwanza

Mhusika alisafisha na kutakasa kila chombo kwa uangalifu ambao sijauona kwa wengi wanaoanza. Aliyeyusha bentonaiti, akamimina maji ya zabibu, akausuza mfuko na kujaza ndoo kwa maji ya bomba, ambayo mwezi Januari kule huwa baridi kweli kweli. Alikoroga kwa mwiko wa plastiki kwa muda usiozidi nusu dakika, kwa kuwa ndoo ilikuwa jikoni karibu na zulia na aliogopa kumwaga rangi ya zabibu. Kisha akachota sampuli juu ya ndoo kwa kikombe, akapima, akapata 1.062.

Nambari hiyo ilikuwa chini mno. Alirudia kupima sampuli ileile, akapata jibu lilelile, akaandika katika daftari kwamba huenda mfuko ulitoka kiwandani ukiwa na zabibu pungufu. Baada ya hapo alifanya hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi: kilo moja ya sukari katika lita 23 hupandisha usomaji kwa takriban 0.016 hadi 0.017, kwa hiyo kilo moja na nusu ingemfikisha karibu 1.087, ndani ya kiwango kilichotajwa. Alichota lita 2 kutoka ndoo, akazipasha jikoni, akayeyushia humo kilo moja na nusu ya sukari nyeupe, akairudisha na safari hii akakoroga kwa dakika kadhaa ili sukari isikae chini. Hakupima tena. Aliandika 1.087 kama usomaji wa kuanzia, akanyunyiza hamira juu, akafunika. Ukanda wa kipimajoto uliobandikwa ubavuni mwa ndoo ulionyesha nyuzi 16.

Wiki nne za mwanzo

Siku mbili zilipita bila dalili yoyote. Povu lilianza jioni ya siku ya tatu. Siku ya 5 alipima na kupata 1.096, akaweka alama ya kuuliza pembeni na kuandika kwamba mapovu yalikuwa yameng'ang'ania kipimo na kukiinua. Maelezo hayo hayakuwa ya kubahatisha, kwa sababu mapovu yanaposhika shingo ya haidromita huinua kweli usomaji, na ndiyo maana hushauriwa kukizungusha kwanza kwa vidole kabla ya kusoma. Naomba msomaji aikumbuke alama hiyo ya kuuliza.

Usomaji uliofuata ulishuka taratibu: 1.086 siku ya 7, 1.070 siku ya 10, 1.048 siku ya 14, 1.024 siku ya 21. Nyumba ilizimwa joto kila usiku, na ndoo ilikaa karibu na mlango wa nyuma. Daftari linaonyesha nyuzi 19 jioni na 14 alfajiri. Mkewe alipendekeza ndoo ihamishiwe sebuleni, lakini waliishia kuifunika blanketi mahali palepale. Blanketi halizalishi joto. Huhifadhi tu lile ambalo hamira yenyewe inalitoa inapofanya kazi, na hamira hiyo ilikuwa tayari imelegea.

Kuanzia siku ya 27 usomaji ulisimama kwenye 1.018, na kizibo chenye maji, kile kinachoruhusu gesi itoke bila hewa kuingia, kikanyamaza kabisa. Maelekezo ya seti yalisema kwamba katika wiki ya 4 mvinyo uwe umeshuka chini ya 0.998 na uwe tayari kutulizwa. Mhusika alikokotoa kilevi kwa kuzidisha tofauti ya 1.087 na 1.018 kwa 131, akapata asilimia 9, akaona ana mvinyo mtamu na dhaifu. Alikuwa na mawazo mawili: kumwaga humo pakiti za kutuliza ili aufunge katika chupa ukiwa mtamu, au kunyunyizia hamira ya mikate iliyokuwa kabatini. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, alinipigia simu.

Siku ya 30: uchunguzi

Nilianza kwa kuonja, na ulimi ulipingana na daftari. Mvinyo ulikuwa mtamu kama alivyosema, lakini uliwasha koo kwa namna ambayo kinywaji chenye asilimia 9 ya kilevi hakiwashi. Tulipima haidromita katika maji matupu yenye nyuzi 20, ikasoma 1.000, kwa hiyo kipimo hakikuwa na kosa. Hapo nikarudi kwenye daftari na kuikuta alama ya kuuliza ya siku ya 5. Mapovu yanaweza kuinua usomaji kidogo, lakini sikuwa tayari kukubali kwamba yaliuinua juu ya usomaji wa siku ya kwanza baada ya siku mbili za kuchacha, maana kinachochacha hupoteza sukari, hakiongezi. Kama siku ya 5 ilikuwa 1.096, basi siku ya kwanza ilikuwa juu zaidi ya hapo, na 1.087 haikuwahi kuwa kweli.

Nilimwomba anionyeshe alivyokoroga, naye akanionyesha kwa uaminifu. Nikachukua bilauri ya maji baridi, nikamiminia sharubati nzito ya jikoni kwao na kuizungusha mara tatu kwa kijiko. Sharubati ilitulia chini na maji yakabaki juu yakiwa na rangi hafifu. Maji ya zabibu yaliyokolezwa kwa kiwango hicho huwa mazito kuliko maji kwa karibu theluthi moja, na yakikutana na maji baridi huzidi kuwa mazito na magumu kuchanganyika. Sampuli ya siku ya kwanza ilichotwa juu, mahali palipokuwa na maji mengi na zabibu chache. Haidromita ilisema kweli kuhusu kikombe kile. Kuhusu ndoo haikusema chochote.

Tulikokotoa upya tukichukulia kwamba mfuko ulikuwa kamili na ndoo ilianza kwenye 1.088 hivi. Ukiongeza kilo moja na nusu ya sukari na kuzingatia kwamba ujazo ulikua kufikia karibu lita 24, usomaji halisi wa kuanzia unakuwa takriban 1.108. Kutoka hapo hadi 1.018 ni asilimia 11.8 ya kilevi, jambo lililoafikiana na koo langu. Mvinyo haukuwa dhaifu hata kidogo. Ulikuwa umebeba sukari kuliko ulivyokusudiwa, na hamira ilichoka njiani.

Uamuzi na sababu zake

Wazo la kutuliza na kufunga katika chupa tulilikataa mara moja, na hapa ndipo ninapotaka wanaoanza wasome polepole. Potasiamu sobeti haiui hamira. Huizuia kuzaana tu, na kazi hiyo huifanya vyema pale ambapo hamira imebaki chache na metabisalfaiti ipo pamoja nayo. Katika ndoo ile kulikuwa na tabaka zima la hamira chini, na sukari iliyobaki ilizidi gramu 50 kwa kila lita. Watengenezaji wa Champagne huongeza takriban gramu 24 za sukari kwa lita wanapotaka mvinyo uchache tena ndani ya chupa, na hizo hutosha kuleta shinikizo la karibu mara 6 ya lile la hewa tunayovuta, ndani ya chupa nene zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na zaidi ya mara mbili ya sukari hiyo na chupa za kawaida zilizokusanywa kwa majirani. Nyumba hiyo ina watoto, na chupa zingekaa chini ya ngazi wanapochezea.

Kunyunyiza hamira kavu moja kwa moja nako tulikukataa, iwe ya mikate au ya mvinyo, kwa sababu hamira kavu inapotupwa ghafla katika kileo chenye karibu asilimia 12 na nyuzi 15 za joto, nyingi hufa kabla ya kuanza kazi. Tulijadili pia kuongeza maji. Kuufanya mvinyo umalize kuchacha ukiwa na kilevi cha asilimia 12 na nusu kungehitaji karibu lita 4, na mvinyo ungepoteza ukali wake wa asili na ladha ambayo seti ndogo haina nyingi ya kupoteza. Niliupinga ushauri huo, ingawa mke alikuwa upande wake.

Tuliamua kuanza na joto pekee. Ndoo iliwekwa ndani ya beseni kubwa la maji, na ndani ya maji hayo tukatia kipasha-maji cha tangi la samaki kilichowekwa kwenye nyuzi 23, kisha tukayakoroga mashapo kwa upole ili hamira iliyolala iinuke. Baada ya siku 3 usomaji ulikuwa 1.017. Ni dhahiri kwamba hamira ya kwanza isingefika mwisho.

Siku ya 33 tuliandaa hamira mpya ya aina ya EC-1118, ambayo hustahimili kilevi hadi asilimia 18. Gramu 10 zilitiwa katika mililita 100 za maji ya nyuzi 38 kwa dakika 15, kisha zikapewa kiasi hichohicho cha juisi ya tufaha isiyo na vihifadhi. Povu liliposimama tuliongeza mililita 200 za mvinyo uliokwama, tukangoja hadi povu lirudi, tukaongeza 400, kisha 800, hadi baada ya saa 24 tukawa na zaidi ya lita moja na nusu ya hamira iliyokwisha kuzoea kilevi. Ndipo tukaimimina ndani ya ndoo. Mhusika alitaka kuongeza pia chumvi ya amonia ambayo huuzwa kama chakula cha hamira. Nilimzuia, kwa kuwa kilevi kikishafika juu hamira haiwezi tena kuinyonya vizuri, na inayobaki huwa chakula cha vijidudu vingine.

Matokeo

Kizibo kilianza kutoa mapovu usiku uleule. Usomaji ulikuwa 1.013 siku ya 36, 1.006 siku ya 41, 0.998 siku ya 48, na 0.996 siku za 52, 54 na 56. Kilevi cha mwisho kilikuwa takriban asilimia 14.7.

Sherehe ilikuwa siku ya 63. Mvinyo ulikuwa bado na ukungu na umejaa gesi, na mhusika aliona kwamba ukipozwa vizuri wageni wasingetambua. Mkewe alikataa. Alisema wageni wanaosafiri kutoka mbali hawapewi kitu ambacho mwenye nyumba mwenyewe angekiomba radhi, na wakanunua mvinyo dukani. Namsifu kwa hilo, kwa sababu katika kisa kizima huo ndio uamuzi pekee uliofanywa dhidi ya kalenda.

Kazi iliyobaki ilifanywa bila haraka. Mvinyo ulihamishwa kwa bomba la mpira ili kuutenga na mashapo, ukatiwa metabisalfaiti na sobeti, ukakorogwa hadi gesi ikatoka, maana gesi iliyobaki huinua chembechembe na kuzuia mvinyo usitulie, kisha ukatiwa dawa ya kuung'arisha. Ulikuwa safi siku ya 72 na ulifungwa siku ya 86, chupa 28. Miezi 2 baadaye ulikuwa unachoma na ladha yake imejificha nyuma ya kilevi. Baada ya miezi 6 ulikuwa umelainika kiasi cha kunyweka pamoja na nyama choma.

Mwezi Septemba walinunua seti nyingine ya aina ileile, na kwa ombi langu mhusika alirudia kosa lake kwa makusudi. Alitumia maji baridi, akakoroga nusu dakika, akachota juu: 1.066. Kisha akakoroga kwa dakika 5 kuanzia sakafu ya ndoo kwenda juu, akachota tena: 1.090. Akasubiri, akakoroga na kuchota mara ya tatu: 1.090. Mfuko wa kwanza haukuwa pungufu. Mvinyo huo wa pili uliwekwa sebuleni kwa nyuzi 22 na ulifika 0.994 siku ya 11.

Uchambuzi

Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba mhusika hakuwa mzembe. Alipima, alirudia kupima, alifanya hesabu, aliandika. Kila hatua iliyofuata 1.062 ilikuwa ya busara kama 1.062 ingekuwa kweli. Kurudia kupima kulimpa uhakika wa uongo, kwa sababu alirudia kusoma sampuli ileile badala ya kuchota nyingine, na kwa hiyo alithibitisha usahihi wa macho yake huku swali la mchanganyiko likibaki bila kuulizwa. Seti hutengenezwa kiwandani kwa kiwango kimoja; uwezekano wa mfuko kupungukiwa na karibu theluthi ya sukari yake ni mdogo sana ukilinganisha na uwezekano wa mtu anayeanza kutokoroga vya kutosha. Usomaji unapotofautiana sana na ulioandikwa kwenye karatasi, cha kwanza kushukiwa kiwe ni mwiko.

Kosa lililogharimu zaidi, hata hivyo, naliona katika dakika iliyofuata. Alipokwisha kutia sukari alikoroga vizuri, ndoo ikawa imechanganyika kwa mara ya kwanza, na sampuli moja tu wakati huo ingemwonyesha 1.108. Hapo angeweza kuongeza maji kidogo, kuongeza pakiti ya pili ya hamira, au angalau kujua anachokabiliana nacho. Aliandika nambari aliyoikokotoa mahali pa nambari iliyopaswa kupimwa, na kwa wiki nne akaisoma kana kwamba aliiona kwa macho.

Kuhusu sababu ya kukwama, sukari na baridi vilishirikiana, lakini kwa maoni yangu baridi ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Hamira ya mvinyo wa kawaida inaweza kuvuka asilimia 14 ikiamshwa vizuri na kupewa joto lisiloyumba. Hii ilianzishwa kwenye nyuzi 16, na kila alfajiri ilirudishwa kwenye 14. Pendekezo la mke la kuhamishia ndoo sebuleni huenda lingetosha.

Daftari ndilo lililookoa kazi yote. Bila alama ile ya kuuliza ningekubali kwamba mvinyo una asilimia 9, ningeandaa hamira isiyozoeshwa kilevi kikubwa, na huenda ningeshindwa. Usafi nao ulilipa: ndoo ilifunguliwa mara nyingi kwa siku 56 na hapakuwa na harufu ya siki hata mara moja.

Nami nina la kujihoji. Siku 3 za joto bila hamira mpya hazikuleta faida kubwa, na mvinyo uliendelea kukaa juu ya mashapo yaliyochoka. Leo ningeandaa hamira siku ileile niliyofika. Na kuhusu maji, mke alirudi kwenye hoja yake mwezi Novemba kwa njia iliyo bora kuliko yangu na yake ya awali: alichanganya chupa 12 za mvinyo wa kwanza na kiasi hichohicho cha ule wa pili, akapata mvinyo wa takriban asilimia 13 na nusu, wenye ladha ya zabibu na usiochoma. Mhusika bado anapendelea ule wa kwanza jinsi ulivyo, na chupa zake zilizobaki amezilaza chini ya ngazi.